Panga la Ukoo na Jirani wa Kaisho

Siku ya kwanza kazini niliripoti Kaisho kama afisa ugani, yaani bwana shamba wa kata, nikiwa na begi moja na imani kwamba mkulima akielezwa atasikia. Imani hiyo haikumaliza msimu.

Mnyauko wa migomba ulikuwa umeingia. Majani yanageuka njano, ukipasua ndizi ndani imeoza, na dawa hakuna. Ugonjwa huo husafiri kwa panga: ukikata mgomba mgonjwa, kisha mzima, bila kulipitisha motoni, umeambukiza mwenyewe. Niliyasema hayo mpaka koo likakauka.

Mzee Kamuhabwa alinisikiliza vizuri, akanipa kahawa ya kutafuna, kisha akasema anamjua mchawi aliyeiroga migomba yake. Ni Nzeyimana, jirani mwenye asili ya Burundi. Alikatiza kibanjani, yaani katika shamba la migomba la mzee, Jumapili, wiki haikuisha migomba ikaanza kunyauka. Nikauliza habari za panga. Akasema ni la ukoo, linazunguka nyumba zote sita, maana kumnyima ndugu panga ni uchoyo. Nyumba zote sita zilikuwa na mnyauko. Kwa Nzeyimana, ambaye hakuna aliyemwazima, migomba ilikuwa mizima, na huo ndio ukawa ushahidi dhidi yake.

Nikapeleka hasira zangu kwa Afisa Kilimo wa Wilaya.

"Kichwa cha binadamu hakikutengenezwa kutafuta ukweli," alisema. "Zamani za kale, aliyesikia nyasi zikichakacha akadhani ni chui au adui, alikimbia. Mara nyingi ulikuwa upepo tu, lakini aliishi, akazaa. Aliyesubiri kuhakikisha aliliwa. Sisi ni wajukuu wa waoga."

"Sawa, mkuu. Lakini Nzeyimana anafukuzwa wiki hii."

Akavuta faili jingine. Nzeyimana alihama na mkewe na mbuzi wawili, akaiacha migomba yake mizima. Mnyauko ukaendelea kama kawaida, nikamrudia Kamuhabwa nikidhani sasa ataelewa.

"Bwana shamba," aliniambia kwa upole, "ameuacha uchawi wake umefukiwa."

Sasa nimestaafu, nipo kijijini Ihembe na kibanja changu. Ninyi maafisa wa leo mna simu zenye picha za kila ugonjwa, na bado mtarudi nyumbani mmechoka. Mwezi uliopita niliona jani la njano kwangu. Baada ya miaka yote ile ya kufundisha, kitu cha kwanza kunijia akilini hakikuwa panga. Ilikuwa sura ya kibarua wetu, mtu mzima kutoka Burundi, na nilikuwa nimeshamwita mke wangu nimwambie. Sijawahi kumkasirikia Kamuhabwa kama nilivyojikasirikia.