Shindano la Tatu, Bwawa la Edgbaston

Sikwenda bwawani kwa kupenda maji. Nilikwenda kwa sababu ya Halima. Tulikuwa wauguzi wa wodi moja hapa Birmingham, na nilipofika kutoka Nyeri nikiwa na jaketi la kuendea kanisani tu, yeye ndiye aliyenishika mkono akanizungusha madukani Sparkhill mpaka nikapata koti la maana. Kwa hiyo aliponipigia simu Jumamosi moja ya Februari, mwaka 2018, sikuwa na njia ya kukataa.

"Wambui, mwenzangu wa boti amevunjika mkono," alisema. "Kesho ni siku ya mwisho ya mashindano ya boti za tanga ya msimu wa baridi, na bila mtu wa pili siruhusiwi kuingia. Niko nyuma ya anayeongoza kwa pointi kidogo tu, wallahi."

"Lakini mimi nimepanda hiyo kitu mara tatu pekee, na ilikuwa summer."

"Utavuta kamba nikikwambia vuta. Basi."

Asubuhi alinipitia kwangu Kings Heath kwa gari lake. Maduka yalikuwa bado yamefungwa, na barafu nyembamba imeganda kwenye vioo vya magari. Njia nzima Halima alizungumzia upepo, mimi nikaitikia "mm" na "eeh". Nimewahi kuhudumia watu waliotolewa kwenye maji baridi. Najua mwili unavyofanya, na kujua huko kulikuwa kumeninyima usingizi.

Tulipofika Edgbaston, bwawa lilikuwa na rangi ya bati kuukuu. Boti zilikuwa zimepangwa ukingoni, zote za aina moja, tanga sawa, uzito sawa, ili anayeshinda ashinde kwa akili na mikono yake. Katika chumba cha kubadilishia nguo Halima alinipa suti yake isiyopitisha maji. Yeye akajibana ndani ya ile ya zamani ya mpira, ambayo huingiza maji.

"Na wewe je?"

"Mimi nimeizoea baridi hii." Akakaza hijabu yake, akavaa kofia ya sufu juu. Ningeendelea kubisha, lakini nilikuwa nimejaa hofu yangu mwenyewe.

Shindano la kwanza lilinifundisha maana ya kubanana. Honi ilipolia, boti zote zilikimbilia boya moja, ubavu kwa ubavu, watu wakipigiana kelele za "Nafasi! Nafasi!" Ningeweza kunyoosha mkono nikashika tanga la jirani. Halima alishika usukani, mimi nikavuta demani, ndivyo alivyoiita kamba ya tanga, mpaka vidole vikafa ganzi. Tulimaliza wa pili.

Katika shindano la pili upepo ulitupiga ghafla, boti ikalala ubavu. Maji yalinipiga usoni nikasahau kuvuta pumzi. Suti ilinikinga mwili, lakini Halima alizama mpaka mabegani, na ni yeye aliyening'inia kwenye ubao wa chini ya boti mpaka ikasimama tena. Tukamaliza wa nne. Kwa bahati, aliyekuwa akiongoza alimaliza nyuma zaidi. Sasa kila kitu kilibaki kwenye shindano la mwisho.

Halima alikuwa akitetemeka hata meno yakagongana. "Twende ukabadilishe nguo," nilimsihi.

"Baada ya hili."

Shindano la tatu tulianza vizuri mno. Kwenye boya la kwanza hakukuwa na tanga mbele yetu. Nikageuka kumwangalia Halima, nikaona hatetemeki tena. Kwa muda mfupi nikafurahi. Kisha moyo ukanilipuka, kwa sababu mtu aliyelowa vile hapati joto kwa kukaa upeponi.

"Vuta, Ikram," alisema. Ikram ni dada yake, anaishi Uholanzi.

Boya la pili lilikuwa kulia. Yeye alituelekeza kushoto, kwenye ukuta wa bwawa.

"Halima, leo ni siku gani?" Nilimuuliza kama ninavyowauliza wagonjwa.

"Leo ni... wacha maswali." Maneno yalimtoka mazito, kama ya mtu mwenye jino bovu.

Niliachia demani, nikainua mkono kuiita boti ya uokoaji.

"Shusha huo mkono! Tunaongoza!"

"Najua."

"Sitakusamehe, Wambui."

Niliogopa kwamba alimaanisha. Niliuacha mkono juu mpaka wakafika.

Katika chumba cha kubadilishia nilimvua zile nguo za majimaji, nikamfunika blanketi na kumkumbatia, nikamnywesha chai ya sukari kidogo kidogo alipoweza kumeza. Mhudumu wa huduma ya kwanza alimpima mara kwa mara. Nje honi ya kumaliza ililia. Halima aligeukia ukuta. Kutetemeka kulipomrudia, ishara kwamba mwili umeanza kujipasha joto, mimi ndiye niliyetokwa na machozi.

Jioni mhudumu aliporidhika na hali yake, niliendesha gari mimi kumrudisha kwao. Kwenye barabara ya Stratford tulikwama nyuma ya mabasi, nami nilikuwa nikitafuta namna ya kuomba radhi.

"Wambui," alisema, "lile boya la mwisho tulilizunguka vipi?"

"Hatukulizunguka."

"Si nilisikia honi?"

"Uliisikia ukiwa ndani, umefunikwa blanketi."

Akatazama viganja vyake. "Sikumbuki kutoka majini. Nilikwambia nini kule?"

"Ulisema uko sawa," nilijibu, nikamficha lile la kutonisamehe.

Wodini mimi huwauliza wagonjwa nisiowajua siku na mwezi bila kusita. Siku ile nilijifunza kwamba kumuuliza rafiki ni kazi nyingine, kwa kuwa atakujibu yuko sawa, nawe utatamani sana kumwamini.

Mama yake alitufungulia mlango. "Haya, mmeshinda?"

Halima alinitazama, akaniachia mimi jibu.

"Tumerudi, mama," nilisema.