Nyumba ya Dirable

Leo kwenye kiwanja ninapojenga nimesikia harufu ya vidanji, yale mafuta machafu ya gari tunayopaka mbao ili mchwa usizile, na mara moja nikamkumbuka mama wa utoto wangu akiwa na brashi mkononi.

Alikuwa amesimama juu ya mawe meusi ya volkano. Chini yake ilikuwa imezikwa nyumba yetu ya kwanza, ya matofali na saruji, ile ambayo Goma nzima inaiita dirable, nyumba ya kudumu. Mawe yalikuwa bado na joto. Nililisikia kupitia sapatu zangu.

Papa mdogo, ndugu ya baba, alifika na shati lake la kanisani, akazitazama mbao, akatikisa kichwa.

"Shemeji, unajenga tena na mbao? Watu watatucheka. Jenga dirable."

Mama hakuacha kupaka. "Dirable iko wapi?"

Papa mdogo akaangaza macho huku na huku.

"Uko unaikanyaga," mama akasema. "Mimi, hata vichwa vya misumari nimeviacha inje. Ile siku mulima itaamuka tena, nitang'oa mbao moja moja, nibebe nyumba yangu ku kichwa niende nayo. Weye utabeba ukuta?"

Asubuhi hii fundi wangu ameniuliza kama sioni haya, mbao katikati ya majirani wenye matofali. Kisha akainua nyundo kuuzamisha wote msumari wa kwanza.

Nikamshika mkono. "Wacha kichwa inje."