Kisima cha Hajra ambacho hakikufika mkutanoni

Saa kumi na mbili asubuhi, ndoo kumi na moja zimepanga foleni na Hajra Amri anaipiga pampu kwa mikono miwili. Pampu inalia. Maji yanapotoka anakinga kiganja, anaonja, anatema pembeni.

"Yaleyale," anasema. "Kama umelamba msumari. Haya, tekeni."

Na watu wanateka. Wafanyeje? Kisima kingine kiko kilomita saba.

Hajra, mwenye umri wa miaka 43, ni mlinzi wa pampu katika kitongoji kimoja cha kata ya Lionja, wilayani Nachingwea. Anafungua asubuhi, anafunga jioni, anapaka grisi, anaamua ugomvi wa foleni. Kamati ya maji humpa shilingi 30,000 kwa mwezi. Kinachobaki anakitafuta kwenye mikorosho na ufuta wake, ekari mbili na nusu.

Huu ni mwaka wa tatu maji haya yamebadilika. Chai inageuka nyeusi. Kanzu nyeupe ya Ijumaa inatoka kwenye beseni na madoa ya kutu. Watoto wanalia tumbo, na wa kwanza kwa kulia ni Zaina, binti wa mwisho wa Hajra, anayesoma darasa la tatu.

Wakulima wa hapa wana jibu lao: ng'ombe. Familia za wafugaji zilizohamia kutoka Kanda ya Ziwa hunywesha mifugo kwenye karo lililo hatua chache kutoka kwenye pampu. Wafugaji nao wanasema ladha hiyo waliikuta.

"Ng'ombe hakojoi misumari," anasema Shija Methusela, aliyefika Lionja na ng'ombe arobaini miaka mitatu iliyopita. "Wapime. Wakisema ni ng'ombe wangu, nahama kesho."

Kupima. Hapo ndipo uchungu wa Hajra unapoanzia.

Mwaka juzi walikuja watafiti wa chuo kikuu kimoja, wakiongozwa na mtaalamu wa kemia ambaye hapa wanamwita Daktari Nicholaus. Walitaka mtu anayejua njia na visima. Wakaelekezwa kwa Hajra. Wakampa boksi la chupa nyeupe zenye namba, shilingi 4,000 kwa siku, na maelekezo kutoka kwa mwanafunzi wao, Prisila: jaza, funga, usisuuze.

Kwa wiki mbili Hajra aliendesha baiskeli. Mkotokuyana, kisha akavuka hadi Chinongwe, upande wa Ruangwa, kisha akarudi. Visima ishirini na vitatu. Cha ishirini na nne kilikuwa chake.

"Vya watu nilivijaza kama nilivyoambiwa," anasimulia, akikwepa kumtazama mwandishi. "Nilipofika kwangu nikafungua chupa. Inanuka ukali kama zile nyingine, halafu chini kuna matone. Nikasema, hii imetumika. Niwapelekee wasomi maji ya Lionja kwenye chupa chafu? Watatuonaje?"

Akaisuuza. Mara tatu. Kisha akajaza.

Katika nyumba za hapa chombo cha mgeni husuuzwa, tena mgeni akiona. Ni adabu aliyopewa na mama yake, na mama yake alipewa na bibi. Hakuna aliyemwambia kwamba yale matone yalikuwa asidi, iliyowekwa makusudi ili chuma na madini mengine yasigande kwenye kuta za chupa. Aliambiwa usisuuze. Hakuambiwa kwa nini. Mtu mzima unampa amri kama mtoto, halafu unashangaa akitumia akili yake!

Chupa zikaondoka. Ikapita miezi kumi na minne bila hata ujumbe wa simu.

Katikati ya ukimya huo, mkutano wa kitongoji ulikaribia kuisha kwa fimbo. Wakulima walitaka wafugaji wafukuzwe kisimani siku hiyohiyo. Hajra akasimama kati yao. "Tulieni," alisema. "Maji nimeyapeleka mwenyewe. Majibu yanakuja, na atakayeonekana na kosa ataondoka." Watu wakamwamini, wakaketi.

Kisha ukaja mwaliko. Mkutano wa kimataifa wa watafiti wa kemia ya myeyusho, siku nne, hotelini Dar es Salaam, wageni kutoka nchi thelathini na moja. Daktari Nicholaus angewasilisha utafiti wa visima vya Nachingwea na Ruangwa, na alitaka Hajra awepo. Kitongoji kizima kilimsindikiza hadi kwenye basi. Shija alimpa kuku wa njiani.

Hotelini alivishwa kadi shingoni: MWAKILISHI WA JAMII. Kila kitu kilisemwa kwa Kiingereza. Prisila alikaa karibu yake akimnong'oneza.

"Nilimuuliza, mwanangu, huo myeyusho ndiyo nini? Akasema, mama, ni maji yaliyomeza kitu. Hukioni tena, lakini kimo. Nikamwambia, kumbe mnazungumzia maji yangu!"

Anacheka kidogo, kisha kicheko kinakatika.

"Na kila meza ina maji ya dukani. Wanaongelea visima vyetu, wanakunywa ya chupa. Hata mimi niliyanywa. Matamu, wallahi."

Siku ya tatu ramani ikatokea ukutani, kubwa kama mlango wa msikiti. Vitone vya kijani, vya njano, vyekundu. Hajra akatafuta Lionja. Akahesabu. Ishirini na tatu. Akahesabu tena.

Akasimama bila kuitwa, akauliza kwa Kiswahili, mbele ya nchi thelathini na moja: "Daktari, na cha kwangu?"

Daktari Nicholaus alimjibu kwa upole. Chupa namba 24 ilifika maabara bila asidi, maana yake ilisuuzwa, kwa hiyo ikatupwa. Kisha akawaeleza wageni kwa Kiingereza, na ukumbi ukacheka.

"Hawakunicheka kwa ubaya," anasema Hajra. "Walicheka kama mnavyomcheka mtoto aliyevaa viatu vya baba yake. Lakini mimi nilikuwa na watu wananingoja."

Aliomba waje wapime tena. Akajibiwa mradi umefungwa, labda awamu ijayo. Wakampigia makofi, wakampa mkoba wa kitambaa wenye jina la mkutano. Leo mkoba huo unabeba grisi na spana.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Lionja wageni wamekuja, wamekwenda, na mwenyeji bado anaumwa tumbo.

Angeweza kudanganya. Nani angejua? Lakini aliporudi alisimama palepale aliposimama mwanzo, akasema: "Nimeosha chupa. Majibu hakuna."

Wa kwanza kuinuka alikuwa mzee Harithi, mjomba wake, ndugu wa mama yake, aliyemlea. Alimuuliza kwa sauti: "Wafugaji wamekupa ng'ombe wangapi uioshe?"

Mjomba hajatia mguu nyumbani kwake tangu siku hiyo. Wafugaji nao wanamtazama kwa jicho la pembeni. Shija anakiri waziwazi: "Ningepata majibu ningekuwa nimesafishwa. Sasa kila mtoto akiharisha, wanatazama zizi langu. Dada Hajra simlaumu, ila imeniuma."

Hajra naye hajitetei. "Niliwaahidi mimi, nikaharibu mimi."

Lakini boksi lile lilikuwa na chupa ya akiba. Ipo ndani, juu ya kabati, imefungwa kwa nailoni, haijafunguliwa. Hajra anangoja avune ufuta ili apate nauli ya kuipeleka maabara ya mkoa na gharama ya kupimia. Siku ya kuijaza, anasema, Shija ataishika chupa, mzee Harithi atapiga pampu, na kitongoji kitatazama.

"Na wewe?"

"Mimi nitasimama kule kwenye mkorosho. Mikono nyuma."

Jua limepanda na foleni imekwisha. Hajra anamwona mwandishi anafuta jasho, anaingia ndani, anatoka na kikombe cha bati. Anakisuuza mbele ya mgeni wake mara tatu, anamwaga, anakijaza pomoni, anakitoa kwa mikono miwili. Mwandishi anakunywa. Ni kweli, msumari.

"Haya," anasema Hajra akipokea kikombe. "Sasa na wewe unangoja majibu."