Mbayuwayu wa Dobi

Dobi huyu waliyemwita Mzee Kola, kwa kuwa hakuna kola ya shati iliyowahi kutoka mkononi mwake na alama ya jasho, alikuwa mkweli katika mambo yote isipokuwa moja: kifua chake. Aliweza kukohoa mpaka meza ya pasi itikisike, kisha akwambie ni mvuke tu.

Binti yake, muuguzi katika mji wa mbali usio na baridi, hakudanganyika. Mwaka uliopita kikohozi kilimlaza mzee wiki tatu, na daktari akasema kikirudi vile huenda kisimwache. Binti akambana kwenye simu mpaka akakosa pa kutokea.

"Haya, mama, nitakuja kwako," alisema mzee. "Mbayuwayu wakiondoka tu, nami nafunga duka."

Mbayuwayu hao walikaa chini ya paa la duka lake, na kila mwaka baridi ikianza tu walishika njia. Lakini alipokata simu mzee aliingiwa na hofu. Angefanya nini kule? Akae kwenye kochi kama mgeni, aletewe chai, aulizwe kama amelala salama? Mtu aliyepiga pasi miaka arobaini!

Basi akawafanyia ndege hila. Chumba chake cha kukaushia nguo kilikuwa na jiko la makaa na dirisha dogo, naye akaliacha dirisha wazi kutwa kucha. Kisha, na hapo ndipo utajua maji yalikuwa yamemfika shingoni, mtu huyu ambaye doa moja lilimnyima raha aliweka chini ya dirisha ndoo ya maganda ya matunda yaliyooza, ili nzi wazaliane. Ndege wakajazana ndani, wakala, wakanenepa.

Mwezi mzima wa baridi ukapita, nao wangali wamejipanga kwenye kamba za nguo.

"Bado wapo?" binti aliuliza kila Jumapili.

"Bado, mama. Mwaka huu sijui wana nini."

Kinyozi wa jirani alikuja na shati lake mkononi. "Mzee, hili nilikuletea chafu, umenirudishia chafu zaidi. Hiki cheupe begani ni nini?" Mzee alilifua upya huku akijitia hamnazo.

Baridi yenyewe hasa ikaja wiki iliyofuata. Asubuhi moja alikuta nzi wote wamekufa ndooni, na mbayuwayu mmoja yuko sakafuni, manyoya yamemsimama. Alimwokota, akampulizia pumzi, akamtia ndani ya koti lake. Ndege akafia humo humo.

"Nimekuua mimi," mzee alimwambia. "Mimi na woga wangu." Alilia, wala aibu hakuona.

Alimwaga ndoo, akazima jiko, akawatoa ndege nje, akafunga dirisha. Siku mbili hakukausha nguo ya mtu. Ndege walikaa juu ya waya wa umeme wakimpigia kelele, naye alitoka kila mara kuwatazama, roho juu. Siku ya tatu jua likachomoza, wakapaa wote kwa pamoja. Aliwahesabu: kumi na mmoja. Kama wangefika waendako hakujua, na jambo hilo lilimuuma.

Akapiga simu, akamweleza binti yote bila kuficha.

"Ndoo ya maganda?" binti alisema. "Wewe, baba?" Akacheka mpaka sauti ikamkatika. Kisha akauliza: "Kwani uliogopa nini kwangu?"

"Niliogopa kukaa bure, mwanangu."

"Bure! Baba, tangu utotoni kila nikishika pasi ulininyang'anya, ukasema naunguza. Mpaka leo sijui. Wajukuu zako wanakwenda shule wamekunjamana, juzi mwalimu wao aliniuliza kwa upole kama tumefiwa."

Mzee Kola alisimama na simu sikioni. Miaka yote hiyo alidhani alikuwa akiziokoa nguo za watu. Hakuwahi kufikiri kwamba alikuwa akijiwekea kazi kwa mtoto wake.

"Sare zao ni za kitambaa gani?" aliuliza.

"Sijui, baba. Kitambaa tu."

"Usiziguse," alisema mzee, na kwa bega akawa tayari anausukuma mlango wa duka ufungike. "Zote. Usiguse hata moja mpaka nifike."