Gauni Lisilopigwa Pasi

Mama Pasi, jina lenyewe linajieleza, alikuwa anafua na kunyoosha nguo za watu, na kwa mikunjo hakuwa na msamaha. Binti yake wa pekee walimwita Kasuku, maana mdomo wake haukujua likizo. Alizoea kumtania, "Mama, nikilala utanipiga pasi na mimi."

"Ukinyamaza dakika moja tu, nitakuacha."

Kasuku alikuwa na pumu. Ndiyo maana mama yule aliogopa maandamano kuliko njaa. Barabara kuu ilipita nyuma ya ua wake, na kila watu walipojitokeza kudai haki zao, askari waliwarushia mabomu ya machozi. Moshi nao haukuuliza nani anaandamana na nani anafua.

Siku ile mlio wa kwanza tu, mtoto ndani, dirisha likafungwa, matambara mabichi yakashindiliwa chini ya mlango. Halafu akakumbuka kamba. Jamani, nguo za watu! Akajifunga kitambaa usoni, akatoka mbio, akazianua zote huku macho yakimchuruzika, akarudi nazo amezikumbatia.

Kelele zilipotulia, mtoto alikuwa mzima na anapiga soga. Mama Pasi akamshukuru Mungu. Kuna mteja alitaka mashati yake jioni hiyo hiyo, na dirisha hakuthubutu kulifungua, basi akachomeka pasi. Akanyunyizia shati la kwanza maji, akakandamiza, mvuke ukapanda.

Kasuku akakohoa. Shati la pili akakohoa tena, na safari hii maneno yalimkatikia njiani. Mama akadhani moshi wa nje unapenya, akaongeza tambara mlangoni. Maskini, akaziba vizuri zaidi! Akaendelea na kazi huku akimbembeleza, "Vuta dawa yako, mwanangu, sasa hivi yatakwisha." Mtoto akavuta mpaka kikopo kikawa kitupu. Mama yake alipombeba kukimbilia hospitali, midomo ilikuwa imeshabadilika rangi.

Muuguzi alipomshika mkono Mama Pasi ili amkalishe, akapiga chafya, macho yakamwasha.

"Mama, ulishika nini?"

"Nguo tu. Nilizianua moshi ulipoanza, nikawa nazipiga pasi."

"Chumba kimefungwa?"

"Kimefungwa kabisa. Nilimfungia mtoto asidhurike."

Muuguzi akashusha pumzi. "Ule moshi ni unga, mama. Unatua kwenye nguo, ukiupasha moto unaamka tena. Mtu mzima unambana kifua. Sasa mtoto mwenye pumu..."

Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema. Sawa, lakini wanaorusha mabomu hayo wamewahi kupita nyumba gani kuwaeleza watu? Hawajapita, wala hawatapita. Kasuku alikufa kabla hakujapambazuka.

Siku ya kumzika, mdogo wake Mama Pasi alitoa gauni la mtoto sandukuni, akachomeka pasi. Mama Pasi akang'oa waya ukutani.

"Dada, watu watasemaje? Mtoto wako wewe, avae mikunjo hii?"

"Waseme."

Akalitandaza gauni mapajani, akalinyoosha kwa viganja, akarudia, akarudia tena. Mikunjo haikutoka. Akamvalisha mwanawe hivyo hivyo.