Kuku wa Mamu Ngalula

Kuna asubuhi moja ya wakati wa mvua, mwanangu, ambayo mpaka leo sijaweza kuitoa rohoni. Nilikuwa mke mpya hapa Likasi, nina mimba yangu ya kwanza, naishi kwa mama mkwe kule Kikula. Watu walimwita Mama Kisimba, kwa jina la mume wangu, mwanawe wa pekee. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, na hata hayo machache aliyatoa taratibu, kama mtu anayechambua mchele. Asubuhi ile jirani yetu Mamu Ngalula aliingia uani bila kubisha hodi, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya. Mgongoni alikuwa na mjukuu wake. Mikononi alibeba kapu lililofunikwa kitenge.

Lakini nianze kwa kukwambia alikuwa nani. Babu yake aliletwa kutoka Kasai kuja kufanya kazi ya shaba, zamani za Wazungu. Mamu mwenyewe alizaliwa hapa, akabatizwa hapa, akaolewa hapa na mzee Kabeya, na wazazi wake aliwazika hapa. Katika avenyu yetu hakuna mwanamke aliyekuwa na mkono wa kufuga kuku kama wake. Alikuwa na kuku mmoja mwekundu, shingo tupu, mlaliaji hodari. Ukimwekea mayai, yawe ya nani, huyo ataatamia mpaka mwisho. Kwa hiyo majirani walimpelekea Mamu mayai yao, naye aliyapanga kwenye kapu lenye majani makavu na majivu kidogo ya kuzuia wadudu, kisha akatia kipande cha makaa, kwa kuwa aliamini ngurumo huua kifaranga ndani ya ganda. Vifaranga wakitotolewa, mwenye kuku na mwenye mayai waligawana. Hiyo ndiyo ilikuwa desturi, na hakuna aliyewahi kugombana juu yake.

Sasa mwaka ule ulikuwa wa njaa. Mabomba ya moshi ya kiwanda cha shaba yalikuwa yakifuka tangu tulipozaliwa, nayo yakaanza kukaa siku nyingi bila moshi. Wanaume walikwenda kazini, wakarudi mikono mitupu. Bukari yetu, ule ugali wa kila siku, ilikuwa ya pumba, na mboga ni matembele tu. Wazee walisema kuku wa mkata hatagi, na akitaga haangui. Na njaa ikikaa sana nyumbani, mwanangu, watu hutafuta wa kumlaumu. Wakubwa walisimama mbele ya watu wakasema shida yetu yote imeletwa na watu wa Kasai. Vijana wakashangilia. Wakawapa majirani zetu jina la wadudu, jina ambalo mdomo wangu hautalitamka mbele yako. Kisha wakaanza kuvunja milango.

Basi Mamu Ngalula alisimama pale uani, pumzi juu juu.

"Mama Kisimba," akasema, "sisi tunaenda ku gare, kungojea treni. Balisema kama tuko mu nyumba mpaka mangaribi, bataiunguza na sisi ndani. Minye siwezi kuenda na hii kuku. Inalalia. Na mayayi ingine haiko yangu, ni ya Mama Odette na ya ule mama wa ku kona. Nikiiacha itapotea. Benyewe nitabaambia nini?"

Mimi nilimtazama nikashindwa kuelewa. Mtu anafukuzwa kama mwizi, hakubeba hata sufuria, na moyo wake uko kwenye mayai ya watu!

Mama Kisimba alipokea kapu. "Weye enda," akamwambia. "Angalia muzee. Ikitotoa, nitakuletea."

"Kabla itotoe tutakuwa mbali."

"Nimesema nitakuletea."

Wakashikana mikono. Mamu akatoka.

Mchana mume wangu Kisimba alirudi kutoka kiwandani, akamkuta kuku jikoni kwetu. Alipoelezwa, akatoa kisu.

"Mama, mwenyewe ameenda, harudi tena. Bibi yangu iko na mimba na analala na njala. Tuichinje leo."

Mate yalinijaa kinywani, maana nyama nilikuwa nimeisahau ladha yake.

"Mla kuku wa mwenzake, miguu humwelekea," mama akamjibu.

"Nani ataona?"

"Haya, kula. Na mutoto wako akikomaa, akuulize: baba, siku balifukuza bantu, weye ulifanya nini? Utamwambia ulikula kuku yao?"

Kisimba alikirudisha kisu mahali pake, akatoka nje.

Kuku naye alitutesa. Anayeatamia hapendi kuhamishwa; akiona mahali pageni huyaacha mayai, akazunguka analia kama aliyepotelewa. Mayai yakaanza kupoa. Mama akayafunga yote katika kitambaa, akaniambia nikae karibu na mbabula, jiko letu la makaa, akanipakatisha kile kitambaa kwenye tumbo langu. "Usisimame," akasema. Nikakaa hapo na mtoto wangu ananipiga teke kutoka ndani, nikiogopa hata kukohoa. Yeye akatandika kapu upya kwenye kona yenye giza, akamweka kuku juu ya mawe laini yenye umbo la mayai ili azoee, akamfunika kwa kapu jingine. Baadaye sana kuku akatulia, akatanua manyoya. Ndipo mama akatoa mawe, akaingiza mayai chini yake, moja moja, kwa mkono mwepesi.

Siku zikapita. Watu wa Kasai walikuwa wamejaa kwenye gare, wanangoja treni ambayo haiji. Nyumba ya Mamu iliingiwa na watu wengine, wakang'oa mpaka mlango. Kisha vijana wakaanza kupita nyumba za wenyeji, wanatafuta vitu vya Kasai vilivyofichwa. Kwetu alikuja Didier, mwana wa Mama Odette, na wenzake wawili wenye fimbo.

"Mama," Didier akasema, "tulisikia mu hii nyumba muko bintu bya Bakasai."

"Muko," mama akajibu.

Kisimba alimgeukia kwa hofu.

"Ni kuku. Ile pale ku kona. Ni ya Mamu Ngalula, minye namuchungia."

Didier aliingia jikoni akainama, mkono ukafika shingoni mwa kuku. Mama hakupaza sauti.

"Ikamate, Didier. Lakini ujue: chini yake kuko mayayi ya mama yako. Mamu Ngalula alikimbia na mutoto ku mugongo, hakubeba kintu, lakini alipita hapa juu ya mayayi ya mama yako, isipotee. Sasa ikamate."

Didier aliurudisha mkono taratibu, kama mtu aliyegusa moto na hataki wenzake wajue. Lakini mwenzake mmoja akacheka, akasema anayelinda vitu vya Kasai naye ni wa kwao, akachukua baiskeli ya mume wangu iliyoegemea ukuta. Didier aliiangalia inatoka, akawafuata. Baiskeli ile hatukuiona tena.

Jioni ile Kisimba alimlalamikia mama yake kwa hasira. "Ungesema tu ni kuku yako! Neno moja! Nani angejua?"

"Leo ningesema ni yangu," mama akasema, "na kesho ningeanza kuamini."

Mwanangu, nimeolewa, nimezaa, nimezika, nimesikia mahubiri mengi kanisani. Maneno yale bado ndiyo ninayopimia mengine.

Majuma matatu ya kuku yakatimia. Nilikuwa nakoroga bukari niliposikia mlio mdogo ndani ya maganda, halafu mdomo mmoja ukatoboa, halafu mwingine. Mayai mengine yaliharibika, yalikuwa yamepoa mno siku ile ya kwanza. Lakini mengi yalitotolewa. Tuliwaacha vifaranga wakauke chini ya mama yao, na asubuhi iliyofuata mama mkwe akavaa kitenge chake cha kwenda misa, akaweka kuku na watoto wake kapuni, akaniambia, "Twende."

Tulipita katikati ya mitaa ya cité mchana kweupe. Kwenda kuwatazama watu wa gare lilikuwa jambo la kukupatia maadui, na njiani macho mengi yalitufuata. Vifaranga walikuwa wanalia kapuni, kila mtu anasikia. Mama hakuharakisha hatua.

Kwenye gare nikaona nisichowahi kukiona. Familia nzima nzima zilikuwa zimelala kando ya reli chini ya vipande vya plastiki, mvua imefanya tope, moshi wa kuni mbichi, watoto wanakohoa. Watu niliowajua sokoni, walimu, makarani, wauza chumvi, wote wamekaa juu ya mafurushi. Upande mmoja palikuwa na udongo mpya uliochomekwa misalaba ya vijiti. Tuliuliza uliza mpaka tukampata Mamu Ngalula. Mzee Kabeya alikuwa amelala ubavuni mwake, amejikunja, kifua kinapiga kelele kila akivuta pumzi.

Mamu alipotuona alifunika mdomo kwa mkono. Hakulia. Alifunua kapu, akawatazama vifaranga mmoja mmoja, akawapapasa matumbo kwa kidole, kama alivyofanya siku zote uani kwake. Kisha akauliza lile swali la mtu wa kuku:

"Ngapi iliharibika?"

Mama akamweleza.

"Sawa," akasema. "Tugabule."

Na hapo hapo, mwanangu, kwenye tope la gare, Mamu Ngalula akatandika kitambaa chini, akagawa vifaranga kwa desturi. Hawa wa Mama Odette. Hawa wa mama wa ku kona. Hawa wangu mimi mwenye kuku, akasema. Halafu akatenga wengine, akawasogeza mbele ya Mama Kisimba. "Hii ni yako. Ni weye uliilalisha kuku."

Nilidhani mama atakataa. Tungepokeaje kitu kutoka kwa mtu asiye na paa? Lakini alikunja ncha ya kitenge chake, akapokea kwa mikono miwili, akashukuru kwa kuinama, kama anavyoshukuru mtu aliyepewa kitu na tajiri.

Akamwambia Mamu, "Kuku hii ichinje, upikie muzee supu."

Mamu akatikisa kichwa. "Nikiichinja, hii tutoto nani ataifunika na hii baridi? Rudia nayo ku nyumba. Na ya kwangu ikae kwako, mpaka nitarudia."

"Nitachunga," mama akasema.

Njiani nilimuuliza kwa nini alikubali kupokea. Alitembea hatua nyingi kabla ya kunijibu. "Balimunyanganya yote," akasema. "Kama ningekataa, na minye ningemunyanganya. Ningemufanya maskini."

Mama Odette alipopelekewa fungu lake alisimama mlangoni, akauliza limetoka wapi. Mama alipomwambia limetoka gare, kwa mkono wa Mamu mwenyewe, yule mwanamke alikaa chini kwenye kizingiti, akaweka vifaranga katika nguo yake, akalia bila sauti. Didier alikuwa ndani. Tulimsikia akitembea, lakini hakutoka.

Mzee Kabeya hakuiona treni. Alifariki kabla haijafika. Habari ilipotufikia, aliyeinuka wa kwanza alikuwa mume wangu Kisimba. Alichukua jembe akaenda gare, akachimba kaburi pamoja na watu wa Kasai, yeye mwenyeji peke yake kati yao, na alirudi na udongo mpaka kwenye nyusi. Tangu siku ile hakumbishia mama yake tena.

Treni ilipokuja, ilikuja bila habari. Tulipofika tulikuta reli tupu na masufuria yaliyotoboka. Mamu Ngalula alikuwa ameondoka na mjukuu wake kwenda nchi ambayo hakuwahi kuiona, iliyoitwa kwao. Mama mkwe wangu alilitunza fungu lake mpaka alipokufa. Kuku wa fungu lile aliwafunga uzi mguuni, wakitotoa anawatenga watoto wao, na hata njaa iliporudi hatukuwagusa. Mamu hakurudi, wala barua haikuja. Sijui kama alifika. Nimeuliza wasafiri wengi, nimechoka kuuliza.

Sasa sikiliza, mwanangu, nawe uwaambie wenzako. Siku hizi nasikia tena maneno yale: hawa wenyeji, hawa wageni, hawa warudi kwao. Nayajua maneno hayo, niliyaona yakitembea na fimbo. Yatakapokufikia, usiulize kwanza kabila la mtu. Uliza aliwahi kukutendea nini, na wewe ulimtendea nini. Cha mtu kikiwa mkononi mwako, kiite kwa jina la mwenyewe, hata mbele ya wenye fimbo, hata kama uongo mmoja ungekuokolea baiskeli. Na aliyenyang'anywa ukimpelekea msaada, mwachie nafasi naye akupe, maana mtu hufa kwa aibu kabla ya kufa kwa njaa. Hayo si mambo ya watu wakubwa. Mama Kisimba hakuwahi kukaa darasani. Alichokuwa nacho ni neno lake, na alilitimiza kwa miguu yake.

Mungu akupe jirani wa kumkabidhi mlango wako. Na akupe mikono ya kuaminika, ili jirani, hata akikimbia, akumbuke kupita kwako kwanza. Uzae, ulee, ule jasho lako ushibe, na uzeeke ukiweza kumtazama kila mtu machoni. Amina, mwanangu.