Kikohozi Kisicho na Mafua

Mama alikuja kutoka Kalenga, Iringa, mwezi wa sita, mwanangu akiwa na wiki mbili. Alikuja kunilea uzazi, kama ilivyo kwetu, akiwa na begi la nguo, unga wa ulezi kwa ajili ya uji wangu, na kikohozi. Siku hiyohiyo alimpakata mjukuu wake kifuani, akakohoa juu ya kichwa chake.

"Hii baridi yenu ya Mbeya ndo inanikaba," alisema. Kana kwamba Iringa ni pwani.

Mimi sijui kutulia. Nikaanza kukichambua kile kikohozi kama mtu anayechambua maharage. Mafua nayajua: pua inachuruzika, kichwa kinagonga, baada ya wiki umeshasahau. Yale mafua makali yenye homa nayo yanakuangusha ghafla, viungo vyote vinauma. Pua ya mama ilikuwa kavu, na hakulala kitandani mchana hata siku moja. Alikohoa tu, wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kila asubuhi alifua kanga aliyolalia, akilaumu blanketi langu kwa kumtoa jasho. Mikono yake ilikuwa imekonda, blauzi zinampwaya.

Nilijua ninachokiogopa. Lakini mama anayekukanda kwa maji ya moto kila asubuhi, utamwambiaje akapime kifua kikuu? Kwetu jina hilo ni kama tusi. Basi badala ya kusema, nikawa nafungua madirisha. Nikifungua, anafunga.

"Utampa mtoto nimonia!" ananigombeza.

Nazunguka nyumba nzima, narudi, nafungua tena. Sikukaa chini siku hizo.

Kisha mtoto akaanza kukohoa. Mama alikuwa na jibu tayari: kimeo, kile kinyama kinachoning'inia kooni. Kikohozi cha mtoto kikigoma, watu wengi hukimbilia kukikata.

"Kuna mzee kule Mbalizi anakata. Dakika moja tu, mwanangu."

"Hakuna atakayeingiza kisu kwenye koo la mwanangu!" Nilimjibu vibaya, kwa sauti ambayo sikuwahi kuitumia kwa mama. Nikavaa viatu kwenda zahanati. Akanifuata, akamchukua mtoto, akampakata njia nzima.

Muuguzi alimfunua mtoto kifua, akahesabu pumzi zake kwa saa ya mkononi.

"Haya ni mafua ya kawaida," alisema. "Ila akihema harakaharaka, kifua kikibonyea, au akikataa ziwa, usisubiri kupambazuke. Mlete." Akaanza kuandika. "Nyumbani kuna mtu anakohoa zaidi ya wiki mbili?"

"Hakuna," nikasema.

Lilitoka lenyewe, upesi, kwa woga wa kumwaibisha mama. Yeye alikuwa amekaa pembeni yangu, mtoto mikononi.

"Mimi," akamwambia muuguzi. "Tangu palizi."

Palizi ni mwezi wa kwanza. Alikuwa amekohoa nusu mwaka.

"Mbona hukuniambia?" nikafoka, watu wanatutazama.

"Ungenikataza kuja." Akaninyooshea mtoto, mikono imekunjuka yote, uso ameugeuzia ukutani. "Na mimi nilitaka kumpakata."

Majibu ya makohozi ya mama yalitoka: kifua kikuu. Muuguzi akaeleza kwamba dawa ni za miezi, kwamba watu wanapona, kwamba mtoto atapimwa na kuanzishiwa dawa ya kinga kwa sababu wachanga ndio wanaoumizwa zaidi na ugonjwa huu. Mama alisikiliza amekaa mbali nasi, barakoa usoni. Hakuuliza kama atapona. Aliuliza ni lini ataruhusiwa kumpakata tena mjukuu wake, na mimi niliyesema "hakuna" nikakosa pa kuuweka uso wangu.